Méthode Kashindi, Aliyejibu Posti Zote

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 Papa Méthode Kashindi anaweka chaki chini. Amefanya kazi hapa depo miaka ishirini na saba, miezi sita na siku ishirini na nne. Hesabu ni yake. Sikuirudia. Hakuna mtu anarudia hesabu ya Méthode. Mmoja alijaribu, na hiyo nitaisema.

Madam Naidoo wa ofisi aliniambia niandike ukurasa mmoja wa programu ya kumuaga, juu nimebeba magunia mbele ya macho ya Méthode miaka kumi na tisa. Nilisoma mpaka darasa la tano. Naandika vile ninaongea: njo ni ndio, juu ni kwa sababu, iko ni yuko au kuna. Kama imezidi ukurasa, wakate sifa. Wasikate habari ya Pierre-Claver.

Méthode ni mtu wa Uvira. Alifika Durban mwaka 1997, akalinda magari ya watu kule Point, halafu tarehe 4 Mei 1998 akaingia hapa kama kuli. Alibeba miaka sita. Mwaka 2004 akapewa chaki ya kuhesabu.

Kwa wageni ambao hawajui kazi yetu: kontena ya magunia inahesabiwa na watu wawili. Mmoja anasimama mlangoni mwa kontena. Kila gunia likitoka, anapiga kijiti kimoja cha chaki kwenye ubao. Vijiti vinne, cha tano kinakata. Mwingine anasimama kwenye stoki, kule magunia yanapopangwa, anapiga vyake. Mwisho wanakaribiana wanaonyeshana ubao. Hesabu zikikubaliana, wanatia sahihi wote wawili. Zikikataa, hakuna sahihi. Wanahesabu tena pamoja, hata mvua inyeshe.

Mtu wa mlangoni alikuwa Méthode. Mtu wa kwenye stoki alikuwa Pierre-Claver Ndagano, wa Bukavu, mdogo kwake kwa miaka sita. Walisimama hivyo miaka kumi na tatu, wanaangaliana siku nzima na hawaongei mpaka kontena iishe. Lanchi walikula sahani moja. Pierre-Claver alimwita yaya, kwetu ni kaka mkubwa. Yaya ndiyo neno lake la kwanza kila asubuhi, kabla ya salamu.

Mwezi wa pili 2017 ikaja kontena ya mchele, magunia mia tano. Méthode alipata 500. Pierre-Claver alipata 497. Wingu lilikuwa jeusi na malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Pierre-Claver alichoka. Akaenda ofisini peke yake, akasema yaya amekosa hesabu, akatia sahihi yake. Hiyo haifanywi. Ofisi ikachukua chaki ya Méthode. Mtu mzima, miaka hamsini na sita, akarudi kubeba. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Wiki tisa.

Wiki ya tisa ule mchele ukauzwa. Tulipoondoa magunia ya mwisho tukakuta matatu chini ya turubai, pale pale Pierre-Claver aliposimama siku ile. Sisi makuli njo tuliyaweka, kama ngazi, ili tufike juu ya stoki. Yeye akapanda juu yake ili aone vizuri. Alihesabu magunia yote ya depo isipokuwa yale aliyokanyaga.

Aliona. Sisi wote tulimwona anaona. Kesho yake hakuja kazini. Tukasikia iko Gqeberha, mji wa mbali na hapa. Hakuaga mtu. Méthode akarudishiwa chaki yake, na tulipomuuliza kama atamtafuta alisema, "Aliyeondoka ni yeye." Basi. Akapewa mwenzake mwingine wa stoki, halafu mwingine. Lanchi akala peke yake.

Sasa nakuja kwenye simu.

Mpaka Februari 2024 Méthode alikuwa na simu ya tochi. Watu wakicheka kwenye simu zao yeye alikuwa anakula. Mwezi ule depo iliacha ubao na chaki. Kila mtu wa hesabu akapewa simu kubwa yenye skana. Wengine waliogopa. Méthode aliipokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye paleti, akaanza kusoma masharti ya simu kabla ya kubonyeza Nakubali. Alisoma siku mbili.

Madam Naidoo alimfuata. "Papa, hiyo hakuna mtu anasoma."

"Kwa hiyo mlitia sahihi kontena haijafunguliwa," akamjibu.

Alikuwa na miaka sitini na tatu na alikuwa amekosa kila kitu. Vichekesho, danse, series, vita vya wanamuziki wa Kongo na wa Bongo, picha za paka. Vyote vilimpita akiwa ameangalia magunia. Mwingine angesema ni vya watoto. Yeye alisema, "Kumbe iko mzigo mwingi hivi umenisubiri." Akaanza kuupokea.

Alipokea vile anapokea mchele. Tangazo likitokea katikati ya video, hakulikata, alisema mtu akiongea unamngoja amalize. Mtu wa YouTube akiomba watu wamfuate, alimfuata, juu ameomba kwa adabu. Sasa anafuata watu mia tisa na simu inalia kama foklifti ikirudi nyuma. Mama Peguy, mke wake, alimwonyesha series moja ya Naijeria, sehemu mia mbili na kumi na mbili. Aliangalia zote kwa mstari. Gosbert, kuli mwenzangu, mtu wa Bukoba, alitaka kumwambia nani anamuua chifu. Méthode aliziba masikio akaondoka na sahani yake. Kitu kikimchekesha, haweki vile vichwa vya manjano vinavyolia machozi. Anaandika: Nimecheka. Méthode Kashindi, Albert Park, Durban. Chini anaweka saa. Kila kitu anatia sahihi, kama karatasi ya mzigo.

Halafu Achille akamwingiza kwenye grupu.

Achille anaendesha foklifti. Grupu yetu ya Facebook, Wabeba Mizigo Durban, aliianzisha yeye 2015. Iko watu mia sita, hapa na nyumbani. Méthode aliuliza, "Mwanzo wake uko wapi?" Achille akacheka, akamwambia uko chini kabisa, hakuna mtu anaenda huko. Méthode akaenda. Alishuka na kidole siku tatu. Mara mbili data ilikatika, simu ikamrudisha juu, akaanza kushuka tena. Siku ya tatu alifika posti ya kwanza. Akafungua daftari, akapiga kijiti kimoja. Akaanza kujibu.

Posti ishirini kila lanchi. Kwa mstari. Na kila moja aliijibu.

Ile ya kwanza Achille alikuwa ameandika: Nani iko na boots namba tisa? Mei 2015. Méthode alimjibu Machi 2024 kwamba anazo, na kesho yake akazileta kwenye mfuko wa plastiki. Achille anazivaa mpaka leo. Cathy, anayesafisha ofisi, alikuwa ameandika 2016 kwamba amezaa msichana. Méthode akaandika hongera, Mungu amlinde mtoto mchanga. Cathy alimwambia, "Papa, huyu mtoto sasa iko darasa la pili."

"Najua," akasema. "Hongera yangu njo haikuwa imefika. Mzigo ukichelewa bado una mwenyewe."

Sasa mjue Facebook. Ukiandika neno chini ya posti ya zamani, inapanda juu tena, kila mtu anaiona kama ya leo. Wabongo wanaita kufukua makaburi. Méthode alifukua yote. Watu walipigiwa simu kutoka Uvira na Kigoma wakiulizwa nani amekufa tena. Mtu alipata kazi ambayo alishafukuzwa. Timu ya mpira ilishinda kombe la 2017 mara ya pili.

Mwaka 2018 Gosbert alikuwa amemtangaza mchumba. Si huyu mke wake wa sasa, Clara. Mwingine. Méthode aliandika hongera sana, umechagua vizuri, anafanana na wewe. Kesho yake saa sita Clara alisimama getini na simu mkononi, akamwita Gosbert.

"Baba Ezra. Hongera."

"Hongera ya nini, mama?"

"Naambiwa umechagua vizuri. Mnafanana."

Gosbert alisoma. Tulikuwa tumejaa pale, hakuna aliyekwenda kazini. "Hiyo ni ya zamani, Clara. Ni mzee tu amechelewa."

"Mzee amechelewa miaka sita. Na wewe picha yake umeichelewesha kufuta miaka mingapi?"

Gosbert alilala kwa Achille siku mbili.

Alipofika posti za 2019 akakuta ya msiba wa mke wangu Henriette. Méthode alikuwepo siku ya mazishi. Sanduku alilibeba na mimi, yeye mbele, mimi nyuma. Lakini kwenye posti hakuwa ametia sahihi. Kulikuwa na pole mia moja na kumi. Ya mia moja na kumi na moja ni yake: "Alinipa chai ya sukari tatu bila kuniuliza. Nyumba nyingi wanauliza." Niliisoma mara nyingi. Nyingine zote zilisema apumzike kwa amani. Siwalaumu.

Lakini watu walichoka. Mwezi wa saba 2024 tukakaa kikao kwa Kulthumu. Kulthumu ni mama wa Tanga, anauza chai na chapati nje ya geti letu. Facebook hana na hataki.

"Atolewe kwenye grupu," Gosbert alisema. "Shikamoo tutampa, heshima tutampa, lakini atolewe. Atavunja ndoa zetu."

"Zako umevunja mwenyewe," Achille akasema. "Lakini kweli. Mama yangu kule mji wa Baraka amelia msiba wa mjomba mara mbili."

Wengi walikubali. Achille alishatoa simu. Nilikuwa nahesabu. Nikawaambia, "Iko kwenye posti za Januari 2020. Bado posti za miezi saba afike kwa Pierre-Claver."

Achille akarudisha simu mfukoni.

Kulthumu akauliza, "Pierre-Claver kaandika nini?"

Nilisema mimi. Agosti 2020, wakati wa lokdauni, dunia nzima ilikuwa inacheza ile danse moja. Mnaijua. Ukimaliza kucheza unataja mtu, na yeye anacheza. Pierre-Claver alijipiga video akiicheza peke yake kule Gqeberha, akaiweka kwenye grupu, na chini aliandika hivi: "Naitupa kwa yaya wangu Méthode Kashindi. Yaya, magunia matatu yalikuwa chini ya miguu yangu. Nilikosa mimi. Sina uso wa kuja. Kama umenisamehe, cheza, weka hapa nione. Ukinyamaza nitaelewa."

"Na mzee alikuwa na simu ya tochi," Kulthumu akasema.

"Eeh."

"Nani alimwambia?"

Watu arobaini na saba walibonyeza laiki. Mimi ni mmoja. Kila mtu alifikiri mwingine amemwambia. Baadaye tukafikiri anajua na amekataa, juu uso wake haukubadilika. Uso wake haubadiliki hata akishinda kombe. Tulikuwa tunakula meza moja na yeye kila siku.

Kulthumu alifunika chai yake. "Nyie ni watu wazima," akasema. "Mtu anaomba msamaha, mnambonyezea kidole." Hakutuuzia chapati siku ile.

Kuhusu kumtoa kwenye grupu hakuna aliyerudia. Gosbert alitumwa akamwambie. Tulimsikiliza kutoka dirishani.

"Mzee, shikamoo. Iko posti moja. Ruka uende Agosti 2020."

"Marahaba. Gosbert, umeniona lini naruka gunia?"

"Hii ni ya maana, mzee."

"Zote ni za maana. Hata ile ya mchumba wako."

Watu walicheka, na Gosbert akarudi. "Nendeni nyie," akasema. Hakuna aliyekwenda. Tuliogopa. Tungepaswa kuogopa mwaka 2020.

Kwa hiyo tulimngoja. Ishirini kila lanchi. Tuliona vijiti vinajaa kwenye daftari. Februari. Aprili. Juni. Achille alipunguza kula. Mimi niliomba Mungu data ikatike, halafu nikaomba isikatike.

Alhamisi tarehe 22 Agosti 2024, saa sita na robo, muziki ule ukaanza kwenye simu ya Méthode. Kila mtu ndani ya chumba cha lanchi aliujua. Vijiko vilisimama. Aliangalia video mpaka mwisho. Akaianzisha tena. Halafu akasoma yale maneno, midomo inatembea. Halafu akabonyeza pale penye idadi ya laiki, majina yakatokea, na akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, kama tunavyoitwa asubuhi getini.

"Achille."

"Niko, papa."

"Cathy."

"Niko."

"Gosbert."

"Nipo, mzee."

"Josias."

Nikasema niko.

Alisoma yote arobaini na saba, hata ya waliohama, hata ya wawili waliokufa. Kwa wale wawili alingoja kidogo halafu akaendelea. Alipomaliza alisema, "Arobaini na saba mmeona. Kutoka meza yenu mpaka yangu ni hatua kumi." Hakupandisha sauti.

Alifunga daftari. Tulifikiri atatoka. Akageuka akasema, "Cathy. Hii danse inaanza na mguu gani?"

"Wa kulia, papa."

"Simama unionyeshe."

Hakuandika neno chini ya ile posti. Alisema Pierre-Claver aliomba danse, hakuomba maneno, na huwezi kupeleka maharage kwa mtu aliyeagiza mchele. Akajifunza wiki saba. Kule Albert Park anakoishi, vijana walimwambia vieux, yaani mzee, hiyo ilikufa zamani, sasa iko nyingine. Alijibu kwamba yeye ametajwa kwenye hii. Alichora hatua na chaki sakafuni: nne, na ya tano inakata. Miguu alishika upesi. Kugeuka kulimshinda. Mtu aliyesimama mahali pamoja miaka ishirini akiangalia mlango, mwili wake hautaki kuupa mlango mgongo. Cathy alimshika mabega akamgeuza kama mlango wenyewe. Achille alipiga honi ya foklifti kuweka mdundo. Mwisho wa mwezi wa tisa aligeuka peke yake, na Madam Naidoo, ambaye hatujawahi kumwona akitoka ofisini saa ya lanchi, alipiga makofi.

Ijumaa tarehe 11 Oktoba alisema, "Wote waliobonyeza, nyuma yangu." Tulikuwa kumi na wanne tuliobaki hapa depo. Tulicheza kwenye uwanja wa kontena, na boots, na vesti za manjano, jua kali. Mimi sikuwa nimecheza tangu 2019. Gosbert alianguka, haikukatwa. Méthode alikuwa mbele na hakukosa hata hatua moja. Video ikawekwa chini ya ile posti, na yeye akaandika: "Imepokelewa 22 Agosti 2024. Imejibiwa 11 Oktoba 2024. Mambo yamekwisha. Méthode Kashindi, Albert Park, Durban."

Kimya.

Oktoba, Novemba, Desemba. Watu mia tatu walipenda video. Mtu wa Kanada aliomba ruhusa ya kuiweka kwake. Pierre-Claver hakuwemo. Ukurasa wake ulikuwa haujaguswa tangu 2021. Kila lanchi Méthode alifungua, akaangalia, akafunga, akaendelea na ishirini zake. Siku moja aliniambia, "Labda na yeye ananyamaza ili nielewe." Sikuwahi kumsikia anasema labda.

Kulthumu njo alimaliza hii habari. Alituambia, "Mnaandika barua mnaibandika ukutani kwenu, mnangoja wa mbali aisome." Akamwita Ezekieli, dereva wa lori, Mtanzania mwenzake, anayepeleka mizigo Gqeberha kila wiki mbili na kunywa chai kwake kabla ya kuondoka. Akataka tumwekee ile video kwenye simu. "Kila Mkongomani anayebeba gunia kule, mwonyeshe," akamwambia. "Usirudi hapa kunywa chai kama hujaonyesha."

Ezekieli alionyesha kwenye garage za petroli, kwenye robot, kwenye makanisa mawili. Machi 2025 aliingia godauni moja ya sufu ya kondoo. Mzee mmoja pale alichukua simu, akaangalia, akaketi chini.

Ezekieli alimpiga video tukaiona kwa Kulthumu, sote tumesimama nyuma ya Méthode. Pierre-Claver amekonda na ndevu ni nyeupe. Simu yake iliibiwa 2021, password alisahau, Facebook akaiacha huko huko. Kwenye video alisogea karibu na simu. Halafu: "Yaya. Nilingoja mwaka mzima. Nikaelewa." Akafuta uso na mkono. "Sasa goti langu limeharibika, lakini ona." Akacheza hatua nne. Ya tano, ile ya kukata, alishika ukuta.

Méthode aliangalia mara moja tu. Akarudisha simu. "Mguu wa kulia," akasema. "Ameanza vizuri." Alikwenda nyuma ya kontena akakaa huko kidogo, hatukumfuata.

Tangu siku ile wanaongea kila Jumapili baada ya misa. Pierre-Claver hajui series hata moja. Méthode anamwelekeza, anamwambia aanze na sehemu ya kwanza.

Sifa zake zingine nasema haraka. Amehesabu kontena zaidi ya elfu kumi. Hajawahi kutukana kuli. Amewafundisha watu sita chaki na wanne skana. Alisimamisha kazi siku ya upepo mkubwa wakati hakuna mtu mwingine alithubutu, na ukuta wa kontena zilizopangwa ulianguka pale tulipokuwa tumesimama. Mimi nilikuwa pale. Alinifundisha kwamba ukiona kitu cha mwenzako, tembea hatua kumi umwambie. Mimi na wengine sasa tunatembea. Grupu imepungua laiki, watu wanapigiana simu. Mwezi uliopita mtoto wa Gosbert alilazwa, na jioni ile ile tulikuwa kumi na mmoja pale hospitali, mpaka nesi akauliza kama huyu mtoto ni wa chifu.

Tunamshukuru Mama Peguy aliyetukopesha mume wake saa hizi zote. Tunamshukuru Kulthumu, ambaye amesema Ijumaa chapati ni kwa wote, hata kwa waliobonyeza.

Papa Méthode, pumzika na mgongo wako upone. Angalia series zako zote mpaka majina ya mwisho. Sasa uko kwenye posti za Machi 2024, siku uliyoingia wewe mwenyewe, na umetuambia utafikia posti za leo mwezi wa sita mwakani. Hii programu tutaiweka kwenye grupu Ijumaa. Utaikuta kwa mstari wake. Usiruke. Asante yetu itakuwa inakungoja hapo, na ni yako.

Kwa Ijumaa yenyewe: Madam Naidoo amekubali kontena moja ihesabiwe ya zamani, na ubao, bila skana. Ni mchele, magunia mia tano. Tunafungua saa nne asubuhi. Basi la kutoka Gqeberha linaingia saa mbili, Achille na Ezekieli watakuwa pale kumpokea. Mlangoni, Méthode Kashindi. Kwenye stoki, Pierre-Claver Ndagano. Ngazi tumeleta ya chuma. Chaki mbili nimeziweka mimi juu ya paleti. Hesabu zikikataa, tutahesabu tena, hata mvua inyeshe.

Josias, kuli, gengi ya pili